Nipe Nikupe

(Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 14:12–14)

 

Leo tumechagua neno ambalo kila mmoja wetu amepata kulitumia. Neno lenyewe ni "nipe nikupe". Utalisikia sokoni, utalisikia ndani ya matatu itokayo Magongo, utalisikia langoni mwa bandari, na, tusifichane, utalisikia hata katika mikutano ya kanisa. Mtu akiulizwa, "Mbona wamfanyia fulani haya yote?" hujibu, "Ah, ni nipe nikupe tu." Wengine hulisema huku wakicheka, na wengine hulisema kwa kunong'ona. Basi na tulitazame neno hili pamoja: lina maana gani, linafaa wapi, na linakomea wapi.

Kwanza yatupasa kulitendea haki. Nipe nikupe si neno baya. Mungu hakumwumba mtu mmoja akampa kila kitu. Mmoja alipewa nguvu za mikono, mwingine akapewa akili ya hesabu, mwingine shamba, mwingine chombo cha kuvulia. Kwa hiyo twahitajiana. Wazee waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walikuwa wameona jambo la kweli.

Watazameni wavuvi wa hori yetu ya Port Reitz wanaporudi asubuhi. Samaki hugawanywa. Mwenye chombo ana fungu lake, mwenye nyavu ana fungu lake, na waliokwenda majini wana mafungu yao. Hakuna anayemwonea mwenzake haya kwa kupokea. Watazameni jamaa zetu wa mashambani wanaolimiana, leo shamba la huyu, kesho la yule. Watazameni kina mama wa Chaani na Migadini na Mikindani wanaocheza mchezo wa fedha: kila juma kila mmoja hutoa kidogo, na kwa zamu mmoja hupokea zote, akalipa karo au akanunua mtaji wa mihogo na samaki wa kukaanga. Huo ni nipe nikupe wa mchana kweupe, nao umesomesha watoto wengi.

Mtume Paulo naye hakuudharau. Katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akiwachangishia ndugu maskini wa Yerusalemu, aliwaeleza Wakorintho kwamba wingi wao wa wakati ule ungejaza upungufu wa wengine, na siku nyingine wingi wa hao wengine ungejaza upungufu wao. Hakuwataka wajitie katika taabu ili wengine wastarehe. Alitaka pawe na usawa. Basi mtu akikuambia kwamba Mkristo hana haki ya kudai fungu lake, au kwamba kibarua asiulize ujira wake, usikubali. Kazi ina malipo yake, na deni ni deni.

Hilo ndilo la kwanza. Kati ya watu wawili ambao kila mmoja ana kitu, na kila mmoja yu huru kukubali au kukataa, nipe nikupe ni neno la haki.

La pili, na tuone linakomea wapi. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, maana hata jina la mahali petu lina habari hiyo ndani yake. Wengi hutaja Port Reitz kila siku bila kujua Reitz alikuwa nani.

Mwaka 1824 Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, nao walimwogopa Sayyid Said wa Oman, aliyetaka kuutwaa mji. Mwezi wa Februari nahodha Owen wa manowari ya Kiingereza iitwayo Leven alipofika, Wamazrui walimwomba ulinzi wa Uingereza. Mapatano yakaandikwa. Waingereza wataulinda mji na kuwarudishia watawala wake nchi walizokuwa nazo zamani. Kwa upande wao, wenye mji watagawana nao ushuru wa forodha nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa itakomeshwa Mombasa. Nipe nikupe, tena kwa kalamu na karatasi. Owen akamwacha hapa afisa kijana, Luteni Reitz, awe mkuu wa mahali. Mwaka huo huo, miezi michache tu baadaye, kijana yule akafa kwa homa. Ndiye ambaye hori yetu imechukua jina lake.

Je, mapatano yale yalidumu? Serikali ya London haikuyakubali. Mwaka 1826 Waingereza waliondoka na bendera yao ikashushwa. Mwaka 1837 Sayyid Said alikuwa ameshika Mombasa, na utawala wa Wamazrui ukawa umekwisha.

Hatusimulii haya ili kuwahukumu watu waliokwisha kufa. Twataka tuone tu jinsi mapatano ya namna hii yalivyo. Hudumu maadamu kila upande waona faida, na faida ikiisha, bendera hushushwa. Kwa biashara hilo si ajabu. Lakini ni nyumba ngapi kwetu ambazo zimejengwa juu ya msingi huo huo? Mume alipokuwa na kazi bandarini alikuwa baba wa watu. Kazi ilipokwisha, au mgongo ulipoumia, akawa mzigo. Mke alipokuwa na afya aliitwa kwa majina mazuri. Alipougua mwaka mzima, mume akaanza kuhesabu gharama. Katika ibada ya ndoa hatuwaulizi bwana na bibi arusi kama watapendana muda faida idumupo. Twawauliza juu ya ugonjwa na umaskini pia, kwa sababu siku hizo zitakuja, na siku hizo mmoja wao hatakuwa na cha kurudisha.

La tatu ni nipe nikupe ya kunong'onwa. Hii yatudai maneno machache, lakini yawe wazi. Mtu amekaa nyuma ya meza. Kazi yake ni kukuhudumia, na mshahara wake umelipwa. Lakini faili yako haionekani mpaka kitu kidogo kionekane. Au mgombea wa uchaguzi amepita kijijini, ametoa shilingi mia mbili na pakiti ya unga, naye ataka kura ya miaka mitano. Au msichana anatafuta kazi, ana vyeti vyake mkononi, naye aambiwa neno lile lile, nipe nikupe. Na sote twajua kwamba anachoombwa si fedha.

Ndugu, hapo neno limeibiwa. Pale ambapo mmoja ana mamlaka na mwingine ana njaa, hapana mapatano. Aliye na mamlaka auza kitu kisicho chake, na mwenye njaa alipa kwa kitu kisichopaswa kuuzwa. Kipimo chake ni rahisi: je, ulilokubaliana naye laweza kusemwa kwa sauti mbele ya mkeo, mbele ya wazee, mbele ya watoto wako? Mgawo wa wavuvi hufanywa ufukoni mbele ya watu wote. Jambo linalohitaji mlango ufungwe, hilo si nipe nikupe ya wazee wetu.

Sasa twafika penye moyo wa somo letu. Bwana Yesu alikuwa amealikwa chakulani, siku ya sabato, katika nyumba ya mkuu mmoja wa Mafarisayo. Aliwaona wageni wakichagua viti vya mbele. Ndipo alipomgeukia mwenyeji wake akamwambia jambo ambalo hata leo latuudhi kidogo: ukifanya karamu, usiwaite rafiki zako na jamaa zako na majirani matajiri, maana wao watakualika nawe, na deni litakuwa limekwisha. Waite walio maskini, vilema, viwete na vipofu. Nawe utakuwa mwenye heri kwa sababu hao hawana cha kukulipa. Malipo yako yako katika ufufuo wa wenye haki.

Hapa tujihadhari tusisome vibaya. Zamani zile mtu mwenye ulemavu alinyimwa kazi akaachwa aombe njiani, na ndiyo sababu hakuwa na cha kurudisha. Leo hapa kwetu Port Reitz kuna shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Watoto wale wanasoma, na kati yao watatoka watu wa kutulipia sisi kodi tutakapokuwa wazee. Basi tusimtazame mtu mguu tukasema huyu hana kitu. Swali la Bwana lauliza hivi: katika mtaa wako leo, ni nani ambaye ukimtendea wema hana njia yoyote ya kukurudishia?

Tuchukue jambo moja tunalolijua sote, nalo ni mazishi. Lugha yetu ina namna ya kugeuza kazi ya mtu mmoja iwe ya wawili. Kusaidia huwa kusaidiana, kukopesha huwa kukopeshana, na kuzika huwa kuzikana. Neno hilo la mwisho ni la ajabu ukilifikiri. Watu wawili hawawezi kuzikana wao kwa wao. Mmoja hutangulia, na aliyetangulia hawezi tena kurudi kumzika mwenzake. Anayezika hutoa akijua kwamba yule aliyemzika hatamlipa kamwe. Aamini tu kwamba siku yake ikifika, watu wengine watasimama. Kuzikana ni nipe nikupe iliyonyoshwa mpaka ikawa imani.

Lakini twafanya nini siku hizi? Tuna daftari. Kila mchango umeandikwa, nani alitoa, alitoa kwa nani, alitoa kiasi gani. Daftari ni jambo jema, kwa maana fedha za watu zataka hesabu. Taabu huanza pale mtu afapo ambaye jina lake halimo. Tuseme ni kibarua aliyekuja kutoka mbali kutafuta kazi ya mizigo, akapanga chumba kimoja, siku nyingine akapata kazi, siku nyingi akakosa. Hakuwa na cha kuchangia wengine walipofiwa. Sasa mwili wake umelala chumba cha maiti, gharama zaongezeka kila siku, mkewe ameketi chini na watoto wawili. Mwenye daftari afungua kurasa, atafuta, kisha asema, "Huyu hakuwahi kutoa kwa mtu." Na watu huinuka mmoja mmoja wakaenda zao.

Daftari halikusema uongo. Hakutoa. Lakini je, sisi tulio wa Kristo tuna daftari hilo moja tu?

Hebu tuinue macho tuitazame Rabai, vilimani nyuma yetu. Miaka ya 1880 watumwa wengi walikuwa wakitoroka mashambani mwa pwani wakikimbilia vituo vya misheni, na Rabai ikapokea wengi. Aliyekuwa akiwachunga watu wa Rabai ni Mwafrika, William Jones, aliyepewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Jones mwenyewe aliuzwa utumwani utotoni, akakombolewa na kulelewa India. Wale waliokuja kwake hawakuwa na kitu. Kuwapokea kulileta hatari kwa kituo kizima, maana mabwana zao walitaka kuwatwaa kwa nguvu. Hata hivyo walikaa.

Mwishowe Bwana George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 akapatana na wenye watumwa kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Tusiwafanye wakubwa wale kuwa malaika. Kampuni ilitaka amani na wenye mashamba ili biashara yake isimame, na wenye mashamba walitaka fedha. Kati yao ilikuwa nipe nikupe. Lakini yule mtoro aliyesimama katika mstari siku ile akangoja jina lake liitwe, yeye alitoa nini? Hakutoa kitu. Alinyosha mkono mtupu, akapokea karatasi ambayo mtu mwingine ameilipia.

Wapenzi, huyo ndiye sisi. Hii ndiyo Habari Njema kwa maneno machache. Tazameni jinsi neno letu lilivyopangwa: laanza na "nipe", halafu ndipo "nikupe". Kila mmoja angojea mkono wa mwenzake ufunguke kwanza. Mungu hakungoja. Tulipokuwa bado wenye dhambi, Kristo alikufa kwa ajili yetu. Alianza yeye kwa kutoa, naye akatoa akijua kwamba hatuna cha kumlipa.

Na bado twajaribu kufanya naye biashara. Yakobo alijaribu pale Betheli. Someni Mwanzo 28 mkipata nafasi. Mungu alimtokea katika ndoto akamwahidi nchi, uzao, ulinzi na kurudishwa kwao, bila sharti hata moja. Yakobo alipoamka akaweka nadhiri ya mfanyabiashara: Mungu akinilinda, akinipa chakula na nguo, nikarudi kwa amani, ndipo atakuwa Mungu wangu, nami nitampa sehemu ya kumi. Aliahidiwa bure, akajibu kwa masharti! Nasi twasema, "Bwana, nipe kazi nami nitakutumikia. Bwana, nimetoa sadaka kubwa, sasa nipe gari." Wako hata wahubiri wanaowafundisha watu hivyo, na mjane hutoa fedha ya unga akingojea faida isiyokuja, kisha hudhani Mungu amemkataa. Mama mpenzi unayetusikiliza, Mungu hakukukataa. Hakuwa katika biashara ile.

Sasa tufanye nini? Tutaje mambo matatu, kisha tumalize.

Katika vyama vyetu vya kuzikana na katika vikundi vya kanisa, na tuendelee kuandika daftari kwa uaminifu. Lakini na tuache ukurasa mmoja kwa ajili ya yule ambaye jina lake halimo. Kila tukutanapo, kila mtu atie kidogo katika fungu hilo, hata shilingi kumi. Siku akifa mtu asiye na mtu, mwenye daftari asiseme, "Hayumo." Afungue ukurasa ule.

Tena, kuhusu yule msichana na vyeti vyake. Ni rahisi kusimama mimbarani na kumwambia akatae. Lakini akikataa atarudi nyumbani bila kazi, na kodi ya chumba yadaiwa mwisho wa mwezi. Tukimwambia akatae, yatupasa kuwa tayari kumlisha mpaka apate kazi ya halali, na kwenda naye kushitaki, asiende peke yake. Kanisa lisilokuwa tayari kwa gharama hiyo halina haki ya kumhubiria.

Mwisho, juma hili kila mmoja wetu na amtafute mtu mmoja asiyeweza kumlipa. Huenda ni mgonjwa asiyetembelewa wodini. Huenda ni baharia aliyeachwa na mwenye meli bila mshahara, ambaye kesho akipata njia atakwenda kwao na hutamwona tena. Huenda ni mzee aliyesahau hata jina lako. Mtendee wema, kisha usimwambie mtu. Wahenga walisema, tenda wema wende zako, usingoje shukrani.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, Baba yetu, uliyetupa Mwanao tulipokuwa na mikono mitupu, twakushukuru. Bariki kazi ya wavuvi, ya wachukuzi na ya kina mama wa sokoni, wagawane kwa haki. Wape nguvu wanaoombwa wasichopaswa kutoa, na uwape ndugu wa kusimama nao. Wakumbuke waliokufa mbali na kwao bila mtu wa kuwalilia. Utufundishe kutoa kama ulivyotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.